Kitufe Nilichochelewa Kukibonyeza

Muuguzi alinikabidhi kitufe kabla hajanieleza jambo lingine lolote. Kilikuwa kwenye kidude kidogo cha plastiki chenye waya mrefu, kikaenea kiganjani mwangu kama kilipimwa kwa ajili yangu. "Hiki ni chako, dada," aliniambia. "Ukikibonyeza, mawimbi yanakatika papo hapo, na hakuna atakayekulaumu." Wakati huo nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kitanda cha mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, tumbo limekandamiza kipande kinene cha jeli baridi. Chini ya jeli hiyo palikuwa na utando mwembamba, chini ya utando maji yaliyoondolewa hewa, na ndani ya maji kulikuwa na chombo chenye umbo la bakuli ambacho kingetoa mawimbi ya ultrasaundi, yaani sauti isiyosikika kwa sikio, na kuyaelekeza yote kwenye uvimbe uliokuwa katika kizazi changu ili yauunguze. Nilikishika kitufe kile kwa adabu, kama mtu anayepokea kitu asichokusudia kukitumia. Nilikuwa nimekwisha jiapiza kwamba nitavumilia chochote kitakachokuja.

Nilikuwa na umri wa miaka 41 na fibroidi mbili. Kubwa ilikuwa na kipenyo cha sentimita 7, ndogo sentimita 4. Fibroidi ni uvimbe wa misuli na nyuzi unaoota katika ukuta wa kizazi, na mara nyingi sana si saratani. Zaidi ya nusu ya wanawake huwa nazo kabla ya kutimiza miaka 50, na wengi wao hawajui, kwa sababu hazijawasumbua. Zangu zilinisumbua. Hedhi yangu ilikuwa imefikia siku 9, nilikuwa naamka usiku kubadilisha shuka, na kipimo cha damu kilikuwa kimeshuka hadi gramu 8 kwa desilita, kiasi kwamba kupanda ngazi za ghorofa moja kulinifanya nishike ukuta na kusubiri moyo utulie. Kwa miaka mitatu nilimeza vidonge vya madini ya chuma na kuuita uchovu ule majina mengine.

Daktari wa kwanza niliyemwona aliniambia kwa sentensi moja kwamba kizazi kitolewe, kisha akaanza kunitafutia tarehe. Sina ugomvi na upasuaji huo, maana umewaokoa wanawake wengi, na kwa baadhi yetu ndio ufumbuzi wa kudumu. Ninachomlaumu ni kwamba hakunitajia njia nyingine hata moja: si upasuaji wa kutoa fibroidi peke yake na kukiacha kizazi, si kuziba mishipa ya damu inayozilisha, wala si hii ya mawimbi. Mgonjwa hawezi kuchagua asichokijua. Nilikuja kusikia habari za ultrasaundi inayoongozwa kwa picha kutoka kwa daktari wa pili, ambaye kabla ya kunipa matumaini yoyote alinituma nikapigwe picha ya MRI.

Picha hiyo ndiyo iliyonifundisha somo la kwanza, nalo ni kwamba uvimbe wenye jina moja unaweza kuwa na tabia mbili. Fibroidi yangu kubwa ilionekana nyeusi, karibu kama makaa. Ndogo ilionekana nyeupe. Daktari alizungusha kioo cha kompyuta nione mwenyewe, akanieleza kwamba ile nyeusi imejaa nyuzi na ina damu kidogo, kwa hiyo joto likiingia hukaa. Ile nyeupe ina maji mengi, chembe hai nyingi na mara nyingi damu nyingi, na damu inayopita hubeba joto na kuondoka nalo, kama maji ya mto yanavyopoza jiwe lililopigwa na jua. Akasema wazi kwamba atatibu ile kubwa tu. Nilisikitika, na niliporudi nyumbani nilijiuliza kama nilikuwa napunjwa. Leo namshukuru, kwa sababu ukweli ule wa mapema ndio ulionizuia kutarajia muujiza.

Alikagua mengine pia. Alitaka kujua kama nina kifaa chochote cha chuma mwilini, kama ni mjamzito, kama figo zangu zinafanya kazi vizuri, kwa kuwa dawa ya kung'arisha picha huchujwa na figo. Alikaa muda mrefu kwenye kovu langu la zamani la upasuaji wa kidole tumbo, akilipima kwa vidole na kuliwekea alama, kwa sababu nyama ya kovu haipitishi mawimbi kama ngozi ya kawaida na inaweza kuungua. Kisha akatazama matumbo yalipolala. Mawimbi ya sauti hupita vizuri kwenye maji na kwenye nyama, lakini yakikuta hewa hugonga na kurudi, na matumbo yana hewa. Ndiyo maana asubuhi ya tiba nilinyolewa tumbo lote hadi chini, ili vipovu visijifiche kwenye nywele, na ndiyo maana nilivishwa mpira wa mkojo, ambao haukuwa wa kutoa mkojo tu: baadaye walijaza kibofu changu kwa maji ya chumvi ili kiyasukume matumbo pembeni, njia ibaki wazi.

Nimeulizwa mara nyingi jinsi sauti inavyoweza kuunguza uvimbe uliomo ndani bila kuunguza ngozi iliyoko nje. Jibu langu ni methali tunayoijua sote, haba na haba hujaza kibaba. Bakuli lile lina vitoa mawimbi vingi vidogo, na kila kimoja hutuma mawimbi hafifu ambayo yakipita peke yake kwenye ngozi hayawezi kuidhuru. Yote yameelekezwa yakutane mahali pamoja, na hapo yanapokutana, katika eneo dogo lenye umbo la punje ya mchele ambalo linaweza kurefushwa kidogo, nguvu zao hujumlishwa na joto hupanda kupita nyuzi 55 za Selsiasi. Katika joto hilo chembe hufa ndani ya sekunde chache. Milimita chache pembeni, nyama inabaki hai. Pigo moja hudumu kama sekunde 20, kisha mnasubiri dakika moja au zaidi nyama ipoe, halafu chombo kinalenga eneo linalofuata. Mimi nilikaa humo saa tatu na nusu.

Lakini mawimbi ni nusu tu ya tiba hii. Nusu ya pili ni picha, nayo haipigwi ili kuonyesha uvimbe ulipo peke yake. Mashine ya MRI husikiliza haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili, na mlio wa haidrojeni hiyo hubadilika kidogo mno maji yanapopata joto. Kompyuta huchukua picha kabla ya pigo, huchukua nyingine kila baada ya sekunde chache pigo likiendelea, hutoa ya kwanza katika ya pili, na tofauti inayobaki ndiyo joto, ambalo daktari huliona kwenye kioo likiwa na rangi na tarakimu. Niliambiwa haya kabla, ila niliyaelewa nilipokohoa. Kikohozi kidogo tu, katikati ya pigo la nne au la tano, na mara sauti ikaja masikioni mwangu: "Tumesimamisha, usiogope, tunaanza tena." Nyonga yangu ilikuwa imesogea pengine kwa unene wa ukucha, na hilo lilitosha kuifanya picha ya pili isilingane na ya kwanza, ramani ya joto ikavurugika. Tangu hapo nilijifunza kupumua kwa kifua cha juu, taratibu, na kungoja ule utulivu wa baina ya mapigo ndipo nimeze mate.

Ndani ya tumbo nilihisi joto la kadiri, kama ukiweka chupa ya maji moto juu ya maumivu ya hedhi. Walikuwa wamenipa dawa ya kutuliza kwenye dripu, lakini hawakunilaza usingizi. Nilidhani waliniacha macho kwa kuwa tiba ni nyepesi. Sababu haikuwa hiyo.

Karibu na saa ya pili, walipokuwa wakilenga sehemu ya nyuma ya uvimbe, maumivu mengine kabisa yalikuja. Hayakuwa tumboni. Yalianzia ndani ya tako la kulia, yakashuka nyuma ya paja mpaka kwenye shavu la mguu, kama uzi unaovutwa kutoka ndani. Pigo lilipokwisha yakapungua. Nikajiambia, hili nalo litapita. Pigo lililofuata yakarudi, makali zaidi, nikauma meno. Kitufe kilikuwa mkononi, kidole gumba kikiwa juu yake, na sikukibonyeza. Ningependa kusema nilisahau, lakini sikusahau. Niliwaza kwamba nikisimamisha nitaharibu kazi, kwamba wataona mimi ni mtu wa kudeka, kwamba sehemu ya uvimbe itabaki bila kutibiwa na lawama itakuwa yangu. Tangu utoto nilikuwa nimesikia mwanamke akisifiwa kwa kunyamaza akiwa na maumivu, na sifa hiyo ilinifuata mpaka ndani ya mashine.

Pigo la tatu halikufika mwisho. Muuguzi aliyekuwa ameketi karibu na miguu yangu aliona vidole vya mguu wa kulia vimejikunja, akatoa ishara, na mlio ukakatika. Daktari akaingia mwenyewe. Akachuchumaa ili uso wake uwe sawa na wangu, maana nilikuwa nimelaza shavu kwenye mto, akaniuliza yalikuwa yanauma wapi na tangu lini. Nilipomjibu alinyamaza kidogo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo:

"Dada, kule nje naona joto la uvimbe na la nyama inayouzunguka. Joto la mfupa silioni, kwa sababu picha hii inasoma maji, na mfupa mgumu hauna maji ya kutosha kusomwa. Nyuma ya kizazi chako kuna mfupa, na mbele ya mfupa ule inapita mishipa ya fahamu inayokwenda mguuni. Mguu wako ndio kipimo changu cha mahali hapo, sina kingine. Ukininyamazia, nafanya kazi nikiwa nimefumba jicho moja."

Mawimbi hayaishii pale yanapokutana. Yale yanayobaki huendelea mbele, yakitawanyika na kudhoofika, na yakifika kwenye mfupa hayapiti kirahisi, kwa kuwa mfupa hufyonza sauti kuliko nyama inavyofyonza. Mfupa ukipata joto, mishipa ya fahamu iliyo jirani huipata pia. Ndicho kilichokuwa kikitokea kwangu, na lau ningeendelea kuvumilia, huenda ningetoka na mguu wenye ganzi au udhaifu wa miezi. Daktari alibadilisha pembe ya bakuli ili mabaki ya mawimbi yapite kando ya mishipa, akapunguza nguvu, akaongeza muda wa kupoa. Maeneo mawili ya nyuma kabisa aliyaacha. Katika saa moja na kitu iliyobaki nilibonyeza kitufe mara mbili, na mara zote mbili walinishukuru. Nilibaki na ganzi hafifu takoni kwa siku 10, kisha ikaondoka.

Baadaye, nilipopata nguvu za kusoma, niligundua kwamba tatizo la mfupa ni la zamani kama tiba yenyewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin, aliyekuwa akitafuta namna ya kugundua nyambizi kwa sauti, aliona kwamba samaki walioingia katika njia ya mawimbi yake walikufa. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili, William na Francis Fry, waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, waliweza kulenga mawimbi ndani kabisa ya ubongo, lakini walilazimika kwanza kuondoa kipande cha fuvu, kwa sababu mfupa uliyazuia. Nguvu walikuwa nayo. Hawakuwa na namna ya kuliona joto likiwa ndani ya mwili uliofungwa. Hilo lilikuja katika miaka ya 1990, pale watafiti kama Ferenc Jolesz na Kullervo Hynynen huko Boston walipounganisha mawimbi na mashine ya MRI, na mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha kifaa cha kwanza cha aina hii kwa ajili ya fibroidi. Nilipofika kwenye maelezo ya namna joto linavyosomwa, na nikakuta imeandikwa pia kwamba njia hiyo haifanyi kazi kwenye mafuta wala kwenye mfupa mgumu, niliweka kitabu chini nikakumbuka vidole vya mguu wangu.

Siku ile ile ya tiba, katika chumba cha kupumzikia, nilikaa kitanda cha pili kutoka kwa mzee mmoja mwenye saratani ya tezi dume iliyokuwa imesambaa mpaka kwenye mfupa wa nyonga. Alinieleza kwamba hakuja kuponywa saratani, na alilisema hilo bila kuogopa. Alikuja ili aweze kulala usiku. Mionzi alikwisha kupewa na maumivu yalirudi. Kwake yeye, mfupa ambao kwangu ulikuwa hatari ndio uliokuwa mlengwa. Kwa kuwa mfupa hufyonza mawimbi, joto hukusanyika juu yake, na utando unaoufunika mfupa, ambao ndio wenye mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu, huungua na kunyamaza. Matumizi hayo yaliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Mzee alikuwa amebonyeza kitufe chake mara nyingi, akanihesabia kwa vidole, bila haya yoyote. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nimekuja hapa kwa sababu ya maumivu. Nitayafichaje tena?" Sikuwa na la kumjibu.

Kabla sijaondoka walinirudisha kwenye mashine na kunidunga dawa ya kung'arisha picha. Nyama iliyo hai, ambayo damu inaifikia, hung'aa. Iliyokufa hubaki giza. Uvimbe wangu ulikuwa na shimo jeusi katikati lililochukua karibu robo tatu yake, na kwa nyuma, mahali palipoachwa, ukingo mwembamba uling'aa. Nililala nyumbani usiku ule. Hakukuwa na kidonda wala nyuzi, na siku ya nne nilirudi kazini, ingawa tumbo liliniuma kama hedhi kwa takribani wiki moja.

Kilichofuata kilihitaji uvumilivu wa aina nyingine, na huu naukubali. Uvimbe hautoki siku ile. Mwili huula pole pole, kwa miezi. Mwezi wa kwanza hedhi haikubadilika hata kidogo, na nililia. Mwezi wa tatu ilikuwa siku 6. Baada ya miezi 6 picha ilionyesha kipenyo kimepungua kutoka sentimita 7 hadi 6, nami nikavunjika moyo nikidhani ni kidogo, mpaka daktari akanikalisha na kunionyesha hesabu: kwa kitu cha mviringo, kupungua kwa kipenyo kutoka 7 hadi 6 ni kupungua kwa ujazo kwa zaidi ya theluthi moja. Kipimo cha damu kilikuwa gramu 11 na nusu. Ngazi nilizipanda bila kushika ukuta, na hilo lilinitosha kuliko hesabu zote.

Wanaonipigia simu kuniuliza huwa nawaambia pia yale yasiyopendeza. Mwenye fibroidi nyingi zilizosambaa, au zilizo kubwa mno, au iliyoning'inia kwa kikonyo chembamba, huenda akaambiwa njia hii haimfai, na akiambiwa hivyo asione amenyimwa haki. Katika upasuaji, uvimbe uliotolewa hupelekwa maabara ukachunguzwa. Huku hakuna kinyama kinachotoka, kwa hiyo kama kuna shaka yoyote kwamba uvimbe ni saratani, shaka hiyo lazima iondolewe kwanza. Fibroidi nyingine zinaweza kuota baadaye, maana kizazi kimebaki. Na mtu mwenye saratani asisikie habari yangu akadhani ni yake. Kwa saratani mawimbi haya yana nafasi zake mahsusi, kama mifupa kwa ajili ya maumivu, au tezi dume kwa baadhi ya wagonjwa, au uvimbe wa ini, ambao tangu mwaka 2023 umeidhinishiwa Marekani njia isiyotumia joto kabisa, bali mapigo mafupi sana yanayozalisha vipovu vinavyosambaratisha chembe. Kila moja ina masharti yake, na hakuna inayofuata saratani iliyokwisha sambaa mwili mzima.

Mwaka mmoja baada ya tiba nilirudi kwa picha ya mwisho iliyopangwa. Fibroidi ile nyeupe, ambayo hawakuigusa, ilikuwa imeongezeka kutoka sentimita 4 hadi 4 na nusu, na tumekubaliana kuiangalia kwa mwaka mwingine kabla ya kuamua lolote. Lakini kabla ya kufika kwenye matokeo hayo, nilipokuwa ndani ya mashine na dawa ya kung'arisha picha imeanza kuingia, nilihisi mkono unachoma mahali sindano ilipopita. Haukuwa mchomo mkubwa. Kitufe kilikuwa mkononi. Nikakibonyeza, mashine ikanyamaza, muuguzi akaingia akafunua mkono wangu, akakuta sindano imechomoka kwenye mshipa na dawa imeanza kuvimbisha ngozi. Akaichomoa, akatafuta mshipa wa mkono wa pili, tukaanza upya.